Mbona Mto Mdogo, Daraja Refu?

Serikali ikitangaza barabara mpya ya njia nne, na ramani ikionyesha kwamba inakatiza bonde, hazipiti siku nyingi kabla hujalisikia swali hili kijiweni, kwenye daladala, hata kwenye kamati ya Bunge: mto wenyewe ni huu tu, mtoto anauvuka kwa kukanyaga mawe, daraja la mamia ya mita la nini? Wengine hawangoji jibu, wanahitimisha wenyewe kwamba kuna mtu anataka kula. Wananchi wana haki ya kuuliza, maana fedha ni zao, na mkopo wataulipa wao na watoto wao. Ili kuwajibu itabidi tuutazame mto kwa miezi yote kumi na miwili, na tuitazame barabara pamoja nao, kwa sababu vitu hivi viwili huamuliwa kwenye meza moja.

Tuchukue mahali ambapo wasomaji wengi wamepita: Jangwani, Dar es Salaam. Hapo Barabara ya Morogoro inavuka bonde la Mto Msimbazi ikitoka Fire kwenda Magomeni, na tangu mwaka 2016 njia zake za katikati zimekuwa za mabasi ya mwendokasi. Msimbazi unaanzia kwenye vilima vya Pugu, unateremka Ukonga, Tabata na Kigogo, unapita Jangwani, kisha unaingia baharini Salenda baada ya safari ya kama kilomita 35. Mwezi wa Septemba, ukisimama pale, unaona mkondo mwembamba wa maji meusi, mchanga mwingi na vijana wanaochimba mchanga huo. Masika yakikolea, mahali hapo hapo polisi wanafunga barabara, mabasi yanakatishwa safari, na mtu aliyeko Magomeni anayetaka kufika Kariakoo inabidi azunguke mji. Desemba 2011 mafuriko yaliua watu zaidi ya 40 jijini, na familia nyingi zilizokuwa zikiishi mabondeni zikahamishiwa Mabwepande.

Kwa hiyo mhandisi anapoambiwa apange barabara hapo, mto wa Septemba haumsaidii kitu.

Kazi inayofanyika kabla ya greda

Watu huona barabara imeanza siku greda inapofika. Kwa kweli maamuzi makubwa huwa yameshafanyika miaka kadhaa nyuma, katika hatua ambazo majina yake husikika redioni bila kufafanuliwa.

Ya kwanza ni upembuzi yakinifu: uchunguzi wa kujua kama barabara inafaa kujengwa, ipite wapi, na faida yake kama inalingana na gharama. Vijana wenye daftari wanakaa kando ya barabara ya sasa wakihesabu magari kwa aina: bajaji, daladala, malori ya ekseli tatu, malori ya ekseli sita. Ya pili ni tathmini ya athari kwa mazingira na kwa jamii. Ya tatu ni usanifu wa kina, yaani michoro na hesabu za kila kipande mpaka nondo ya mwisho, na ndiyo mkandarasi atakayoijenga. Katikati ya hatua hizo kuna uthamini wa mali na fidia, ambao mara nyingi huchukua muda kuliko mchoro wenyewe.

Swali zito kuliko yote katika upembuzi ni la mstari: tupanue barabara iliyopo, au tupite mahali pengine? Salenda, kilomita chache chini ya Jangwani, walichagua kupita pengine. Badala ya kuendelea kupanua penye daraja la zamani, Daraja la Tanzanite lilipitishwa juu ya bahari, kutoka upande wa Hospitali ya Aga Khan hadi karibu na Coco Beach. Lina urefu wa kilomita 1.03, lilianza kutumika mwaka 2022, na barabara zake za maungio ni ndefu mara tano ya daraja lenyewe. Jangwani hapana nafasi hiyo. Barabara ya Morogoro ndiyo mshipa wa mji, na vituo, maduka na mitaa vimejipanga kando yake. Hapo lazima uvuke bonde palepale.

Kutenganisha magari kunakula ardhi kiasi gani?

Barabara iliyotenganishwa ni ile ambayo magari yanayokwenda na yanayorudi hayachangii uso mmoja. Katikati pana kitenganishi: ukuta mfupi wa zege, kisiwa kilichoinuliwa, au ukanda wa nyasi. Faida yake kubwa ni moja, nayo inatosha: inazuia ajali za uso kwa uso. Dereva anayetaka kulipita lori hana tena sababu ya kuingia upande wa wenzake. Aliyesinzia anagonga ukuta, hagongi basi lenye abiria sitini.

Sasa tupime. Njia moja ya gari huwa na upana wa kama mita 3.5, hivyo njia nne ni mita 14. Ongeza kitenganishi cha mita 4, bega la mita 2 kila upande, na njia ya waenda kwa miguu ya mita 2.5 kila upande. Jumla ni mita 27, na bado hatujaweka mitaro wala nguzo za umeme.

Ardhi ya kazi hiyo inaitwa hifadhi ya barabara. Kwa Sheria ya Barabara ya mwaka 2007, barabara kuu Tanzania ina hifadhi ya mita 60, yaani 30 kila upande kutoka katikati. Kabla ya hapo ilikuwa mita 22.5 kila upande. Zile mita 7.5 zilizoongezeka ndizo zilizoleta rangi mbili kwenye kuta za watu: X nyekundu kwa nyumba iliyo ndani ya hifadhi ya zamani, ambayo mwenyewe huhesabiwa mvamizi na halipwi, na X ya kijani kwa nyumba iliyokutwa na sheria mpya, ambayo mwenyewe analipwa ndipo aondoke. Kutoka Kimara kwenda Kibaha kipimo kilichotumika kilikuwa kikubwa zaidi, mita 121.5 kila upande, na mwaka 2017 nyumba nyingi zilivunjwa kupisha barabara ya njia nane. Nasema haya mapema kwa sababu tutarudi kwenye hizo X tukifika kwenye kimo cha daraja, na wasomaji wengi hawatarajii kwamba mambo hayo mawili yanahusiana.

Kitenganishi kina gharama nyingine ambayo wapangaji wengi huisahau. Kinaukata mtaa vipande viwili. Shule ikiwa upande huu na nyumba upande ule, mtoto atavuka, uwe umempa mahali pa kuvukia au hujampa. Akikuta uzio, atatafuta tundu. Dereva wa bodaboda akilazimika kwenda kilomita mbili ili ageuze, ataendesha upande usio wake. Mchoro usioonyesha vivuko, madaraja ya miguu na mahali pa kugeuzia haujakamilika hata kama hesabu zake za zege ni safi, na wakazi wasiukubali kwa ahadi kwamba hayo yatafuata baadaye. Kwa kawaida hayafuati.

Mvua ya miaka mia

Turudi mtoni. Hesabu ya daraja inaanza na swali: maji mengi kuliko yote tunayoyatarajia ni kiasi gani? Hapo utasikia maneno "mafuriko ya miaka 100", na wengi wanaelewa kwamba mafuriko hayo yakishatokea, tutapumzika karne nzima. Sivyo. Maana yake ni kwamba kila mwaka pana nafasi moja kwa mia ya kuyapata. Yanaweza kuja mwaka huu na yakarudi mwakani. Ukipiga hesabu kwa daraja litakalotumika miaka 50, uwezekano wa kuyaona angalau mara moja unakaribia asilimia 40. Madaraja makubwa mara nyingi hupimwa kwa kipimo hicho, na makalavati, yaani yale mabomba au masanduku ya zege yanayopitisha maji chini ya barabara, hupimwa kwa mafuriko madogo zaidi kwa sababu yakizidiwa hasara yake huwa ndogo na matengenezo ni rahisi.

Kiasi cha maji hakitegemei mvua peke yake. Bonde la Msimbazi lina karibu kilomita za mraba 270. Mvua ya milimita 100 ikinyesha bonde lote ni mita za ujazo milioni 27, sawa na maboza milioni 2.7 ya lita elfu kumi kumi. Zamani sehemu kubwa ya maji hayo ingenyonywa na mashamba na vichaka, na iliyobaki ingefika Jangwani taratibu. Sensa ya mwaka 1967 ilikuta Dar es Salaam ina watu wasiofika laki tatu. Ya mwaka 2022 ilikuta zaidi ya milioni tano. Mashamba yamekuwa mabati, sakafu na lami, na maji yanayoanguka juu ya vitu hivyo hukimbilia mtoni yote kwa pamoja. Mvua ileile ya babu zetu leo inaleta mafuriko makubwa zaidi, tena kwa haraka zaidi. Daraja lililotosha miaka ya sabini linaweza kuwa dogo leo bila mtu yeyote kukosea hesabu wakati ule.

Ndiyo sababu mhandisi mzuri hatosheki na takwimu za vituo vya mvua. Anagonga hodi. Anawauliza wazee wa Kigogo maji yalifika wapi ukutani mwaka ule, anapima alama ya tope kwenye ukuta wa msikiti au wa duka, anaiandika kwenye ramani. Alama moja ya kweli kwenye ukuta inaweza kurekebisha hesabu ya kompyuta.

Tuta la barabara linapogeuka bwawa

Hapa ndipo lilipo jibu la swali letu. Kuna njia mbili za kuvuka bonde pana. Unaweza kumwaga kifusi, ukishindilie, ujenge tuta refu kutoka ukingo hadi ukingo, na uache kidaraja kifupi pale mkondo unapopita kiangazi. Au unaweza kujenga daraja refu juu ya sehemu kubwa ya bonde. Tuta ni rahisi kwa mbali, na mwenye bajeti hulipenda.

Lakini masika mto hautoki kwenye mkondo wake tu, unatanda bonde lote. Tuta linayazuia maji hayo yaliyotanda na kuyalazimisha yapite kwenye mwanya mmoja. Upande wa juu maji yanapanda na kuingia kwenye nyumba ambazo hayakuzifikia kabla ya barabara kujengwa. Kwenye mwanya yanakimbia kwa kasi, na kasi ikiongezeka mara mbili, nguvu ya kusukuma huongezeka mara nne. Maji hayo yanachimba mchanga kuzunguka nguzo, chini ambako jicho halifiki. Mafuriko yakishapungua shimo hujaa tena tope, na mtu akichungulia haoni kasoro. Madaraja mengi yanayosombwa na maji duniani huangushwa hivi: zege lake likiwa zima, lakini ardhi chini ya msingi imeondoka.

Kwa sababu hiyo mpango wa kuliendeleza Bonde la Msimbazi, ambao Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wake wa dola milioni 200 mwaka 2022, umeweka Jangwani daraja jipya la karibu mita 390. Mita hizo zipo kwa ajili ya bonde la masika, ili maji yatande yanavyotanda na barabara ipite juu yake.

Kwa kifupi, hadi hapa:

- Urefu wa daraja unafuata upana wa mafuriko.
- Kina cha nguzo kinafuata kasi ya maji na aina ya udongo.
- Kimo cha daraja kinafuata kiwango cha juu cha maji, pamoja na nafasi ya ziada ya kupitisha magogo na taka.

Hiyo nafasi ya ziada isidharauliwe. Msimbazi ukijaa hubeba migomba, magodoro, matairi, hata majokofu mabovu. Vikinasa chini ya sakafu ya daraja vinajenga ukuta, na daraja lililosanifiwa kupitisha maji linageuka kuyazuia.

Kimo cha daraja na nyumba yenye X

Tuseme hesabu zimetoka kwamba sakafu ya daraja iwe mita 6 juu ya usawa wa bonde. Barabara lazima ipande kufika hapo. Lori lililosheheni halipendi mlima mkali. Tukiweka mwinuko wa mita 4 kwa kila mita 100, tunahitaji mita 150 za kupandia kila upande. Kote huko tuta linakua, na ubavu wa tuta hauwezi kusimama wima. Kwa kawaida kila mita moja ya kimo inahitaji mita mbili za mteremko pembeni. Mita 6 za kimo ni mita 12 kila upande. Barabara yetu iliyokuwa na mita 27 juu, sasa kitako chake ni mita 51. Weka mitaro na njia ya mafundi wa bomba la maji, hifadhi ya mita 60 imekwisha.

Ukiinua daraja mita mbili zaidi, kitako kinakuwa mita 59. Nyumba ambazo hazikuwa na alama zinapakwa rangi. Mtu wa mbali na mto kabisa, ambaye hajawahi kuingiliwa na maji, anapoteza baraza lake kwa sababu ya mvua ya Pugu. Unaweza kumwokoa kwa kujenga kuta za kuzuia udongo badala ya ubavu wa mteremko, au kwa kulirefusha daraja lichukue nafasi ya tuta. Zote mbili ni ghali. Lakini gharama ya kumhamisha nayo ni gharama, na mara nyingi haiandikwi kwenye jedwali lilelile. Kila mlinganisho wa njia mbadala uiandike fidia kamili sambamba na zege na nondo, ndipo tujue kipi kweli ni nafuu.

Bahari nayo ina sehemu yake

Kwenye miji ya pwani, mto mdogo karibu na bahari huishia kuwa mkono wa bahari: maji chumvi yanaingia na kutoka mara mbili kila siku kupitia mikoko. Dar es Salaam, wakati wa bamvua, tofauti ya maji kujaa na kupwa inazidi mita tatu. Mafuriko ya mto yakikutana na bamvua yanakosa pa kwenda na kurudi nyuma bondeni. Msanifu asiyepima vyote viwili kwa pamoja amepima nusu ya tatizo.

Chumvi ina kazi yake nyingine ya polepole. Inapenya kwenye zege mpaka kwenye nondo, nondo inashika kutu, kutu inavimba na kulipasua zege kutoka ndani. Sehemu inayolowa na kukauka kila siku ndiyo inayoharibika mapema. Kinga yake ni zege zito lisilo na vinyweleo, na nondo zilizozikwa ndani zaidi ya kawaida. Msimamizi akimwachia fundi apunguze sentimita mbili za zege juu ya nondo, hakuna atakayejua siku ya uzinduzi.

Chini ya tope

Kabla ya kuamua nguzo zishuke kiasi gani, ardhi lazima iulizwe. Mafundi wanasimamisha mashine ya kuchorongea juu ya tope, wanashusha bomba la kuchukulia sampuli, kisha nyundo ya kilo 63.5 inaachiwa ianguke kutoka kimo cha sentimita 76. Mmoja anahesabu kwa sauti: mapigo mangapi hadi bomba lizame sentimita 30? Kwenye tope la mikoko, mawili au matatu, wakati mwingine bomba linazama kwa uzito wake tu. Wanashuka, wanarudia, wanashuka tena. Wakikuta mchanga ulioshikana, mapigo yanafika 50 na bomba haliendi. Hapo ndipo nguzo itakapokaa, hata kama ni mita 30 chini.

Hili linaeleza jambo ambalo kila abiria amelisikia kwenye mgongo wake: ule mruko gari linapoingia au kutoka darajani. Daraja limesimama juu ya nguzo zilizofika kwenye ardhi ngumu, haliendi popote. Tuta la kupandia limekaa juu ya tope, na tope linaminywa taratibu kwa miaka. Tuta linashuka, daraja linabaki, pengo linatokea. Dawa yake inajulikana: kulipakia tuta udongo wa ziada na kuliacha litulie miezi kadhaa kabla ya lami, kutoboa njia za kutolea maji ndani ya tope, na kuweka bamba la zege linalounganisha tuta na daraja. Dawa hiyo inahitaji subira, na tarehe ya uzinduzi ikishatangazwa subira ndiyo inayokatwa kwanza.

Daraja moja au mawili?

Barabara iliyotenganishwa inatoa nafasi nzuri ambayo barabara ya kawaida haina: unaweza kujenga madaraja mawili yanayojitegemea, moja la kwenda na moja la kurudi. Likiharibika moja, au likihitaji kukaguliwa, magari yote yanahamia kwa jirani kwa muda. Unaweza pia kujenga la kwanza sasa na la pili fedha zikipatikana. Ubaya wake ni nguzo nyingi zaidi majini, na zisipopangwa kwenye mstari mmoja na mkondo zinavuruga maji. Kwa bonde linalobeba barabara kuu ya mji, mimi ningechagua mawili bila kusita. Mji wenye daraja moja unasimama siku daraja hilo linapofungwa, na Jangwani imetuonyesha hivyo masika baada ya masika.

Ukiitwa kwenye mkutano wa wadau

Sheria ya mazingira inataka wananchi washirikishwe, na mkutano huitishwa, mara nyingi kwenye ofisi ya kata. Nenda. Usiulize tu fidia ni kiasi gani. Uliza pia:

- Kiwango cha mafuriko mlichotumia ni cha miaka mingapi, na mmehesabu ujenzi utakaoongezeka juu ya bonde?
- Maji yatapanda kiasi gani upande wa juu wa tuta, na ni mitaa ipi itakayoguswa?
- Vivuko vya miguu viko wapi, na umbali kati ya kimoja na kingine ni mita ngapi?
- Nani atauondoa mchanga chini ya daraja, kila baada ya muda gani, kwa fungu lipi?

Swali la mwisho lisisitizwe kuliko mengine. Msimbazi unashusha mchanga kutoka Pugu na kila kiwanja kinachochimbwa njiani, na unapofika kwenye tambarare ya Jangwani unautua. Kitanda cha mto kinapanda. Kikipanda mita moja, daraja limepoteza mita moja ya nafasi ambayo wahandisi waliihesabu na walipakodi waliilipia. Waombe waandike kwenye muhtasari jina la ofisi itakayofanya kazi hiyo, na fungu la bajeti la mwaka wa kwanza baada ya mkandarasi kuondoka.